Kabla tingatinga halijafika, nyumba za Kibera ziandikwe

Mnamo Juni 29, 2018, Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, iliyokuwa ikikutana Manama, Bahrain, ilipitisha boma la mawe la Kaunti ya Migori liingie katika orodha ya maeneo ambayo dunia nzima inapaswa kuyatunza. Boma hilo ni Thimlich Ohinga, na likawa eneo la saba la Kenya katika orodha hiyo. Siku 24 baadaye, Julai 23, matingatinga yaliingia mtaa wa Kibera, Nairobi, kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Nyumba, vibanda vya biashara, makanisa na shule vilibomolewa, na watu wanaokadiriwa kufikia 30,000 wakapoteza makao.

Habari hizo mbili zilipita kila moja kivyake, moja ikiwa habari ya utalii na utamaduni, nyingine habari ya barabara na fidia. Zingewekwa ukurasa mmoja, msomaji angeona zinazungumzia jambo lile lile: makao yaliyojengwa na watu wa kawaida, bila msanifu wala mhandisi, kwa vifaa vilivyopatikana hapo karibu. Migori, taifa lilisema makao ya aina hiyo ni hazina. Kibera, yalikuwa kizuizi cha barabara.

Anayedhani ulinganisho huu umevutwa kwa nguvu, na aanze na mawe yenyewe.

Thimlich Ohinga iko kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, umbali wa kilomita 46 hivi, katika nchi ya vichaka na miamba kwenye bonde la Ziwa Victoria. Kuna maboma makubwa manne: Kochieng', Kakuku, Koketch na Koluoch. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa mita moja kwa wastani. Inaaminika zilianza kujengwa katika karne ya 16. Hakuna saruji iliyotumika, wala chokaa, wala tope la kuyashikisha mawe. Mawe yenyewe hayakuchongwa. Yaliokotwa yalivyo, ya kila umbo na kila ukubwa, yakapangwa.

Ufundi uko katika huko kupanga. Waliojenga walisimamisha safu mbili, ya nje na ya ndani, kila moja ikisimama kivyake, kisha nafasi iliyobaki katikati wakaijaza mawe madogo yanayozikaba na kuzishikanisha safu zote mbili. Hawakuchimba msingi, ukuta umekalishwa juu ya ardhi na uzito wake ndio unaoushikilia. Kwa sababu hiyo hauendi mstari mmoja. Unapinda na kujikunja, na pale ambapo ungeweza kulemewa umeongezewa mihimili ya mawe ya kuuegemeza.

Mlango wa kuingilia ni mfupi makusudi. Juu yake yamelazwa mawe marefu bapa, na mtu mzima hawezi kupita akiwa wima. Sharti ainame, na aliyeinama hana namna ya kurusha mkuki. Kando ya mlango, upande wa ndani, paliinuliwa mahali pa mlinzi kusimama ili aone wanaokuja kabla hawajafika. Wizi wa mifugo ulikuwa tishio la kila siku, na chui na fisi vilevile. Ndani kabisa ndiko yalikokuwa mazizi ya mifugo, na kandokando yake nyumba za watu.

Nyumba hizo hazipo tena. Zilikuwa za miti, matope na nyasi, na zimebaki alama za duara ardhini tu. Mgeni anayefika Thimlich leo hupigwa na butwaa na kuta, lakini wanaakiolojia wamekuwa wakipiga magoti kwenye duara hizo. Wanataka kujua mtu aliyekaa mule alikula nini, alipika wapi, alilala upande gani, alifanya biashara na nani. Wamepata mifupa ya mifugo na ya wanyama wa mwitu, vigae vya vyungu, dalili za uhunzi, hata shanga za kioo ambazo lazima zilisafiri kutoka mbali. Kila kitu kidogo kama hicho kinawagharimu miezi ya kazi, kwa sababu waliojua majibu walikufa bila kuulizwa.

Boma hili halikuwa la mfalme. Hakuna kasri ndani yake, hakuna kiti cha enzi, hakuna kaburi la mtawala lililopambwa. Jamii za Kibantu na za Kiniloti ziliishi humo kwa zamu katika kipindi cha karne kadhaa. Kundi moja likihama, jingine lilikuja, likakuta kuta, likazikarabati na kuendelea. Kujenga ukuta mara moja ni kazi, lakini kuuhifadhi kwa karne nne ni kazi kubwa zaidi, maana ukuta wa aina hii ukichomolewa mawe machache mahali pabaya huanza kumwagika. Lazima kulikuwa na makubaliano ya nani anaziba wapi, na nani anakatazwa kugusa nini. Kufikia mapema karne ya 20 uvamizi ulikuwa umepungua, na watu wakageukia maboma yaliyozungushiwa minyaa, ambayo mzee yeyote wa Migori, Homa Bay au Siaya anayafahamu, kwa kuwa pengine alizaliwa ndani ya moja.

UNESCO ilipoitambua Thimlich haikutaja ukubwa wa mawe pekee. Ilitaja mfumo wa kuishi na wa kukarabati ulioifanya isimame, na ikasema ndiyo kubwa na iliyohifadhika vizuri zaidi kati ya maboma ya aina yake. Hayo mengine ni zaidi ya 500, yametawanyika katika sehemu zaidi ya 130 za Nyanza Kusini. Machache sana yana mlinzi. Mawe ya mengi yanaendelea kubebwa, moja moja, kwa mkokoteni, kwenda kujengea zizi au msingi wa nyumba mpya. Hata Thimlich yenyewe iliponea chupuchupu: mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund liliiweka katika orodha ya turathi 100 zilizokuwa hatarini zaidi duniani. Miti na mimea ya kutambaa ilikuwa ikizipasua kuta.

Kenya haiko peke yake katika kuvutiwa na makao ya watu wasio na majina. Katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, dhoruba ya mwaka 1850 ilipeperusha mchanga wa ufukweni na kufichua kijiji cha mawe kinachoitwa Skara Brae. Kina umri wa miaka 5,000 hivi. Piramidi za Giza zilikuwa bado hazijajengwa kilipokuwa na watu. Kuta zake pia hazina saruji. Kinachowashangaza wageni hadi leo ni vitanda vya mawe, rafu za mawe na mafiga ya katikati ya chumba, kwa sababu kila mtu anamtambua jirani yake humo: hapa palilazwa mtoto, hapa paliwekwa vyombo. Karibu na Nakuru, kwenye kilima cha Hyrax Hill, Mary Leakey alichimba mwaka 1937 akakuta makao ya nyakati kadhaa, na serikali ya kikoloni ikakitangaza kilima hicho mnara wa taifa mwaka 1943. Dunia imekubali siku nyingi kwamba chumba cha mtu wa kawaida ni ushahidi. Tatizo ni kwamba kwa kawaida hukubali mwenye chumba akishazikwa.

Turudi Nairobi.

Kibera nayo ina karne yake. Yapata mwaka 1904, askari Wanubi wa King's African Rifles, wenye asili ya Sudan, waliruhusiwa na serikali ya kikoloni kuishi kwenye msitu uliokuwa hapo. Ardhi iliyopimwa baadaye ilikuwa ekari 4,197. Ilichukua zaidi ya miaka 100 hadi, mnamo Juni 2017, jamii ya Wanubi ikakabidhiwa hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Nyumba ya Kinubi ya zamani ilikuwa ya fito na matope lakini pana, yenye baraza mbele na ua mkubwa wenye miti. Mji ulipokua na kazi kuongezeka, wapangaji wakaja, ua ukajengwa vyumba, na vyumba vikazaa vyumba. Mabaki ya umbo la kwanza bado yanaonekana Makina, kwa anayejua kuangalia.

Na mkabala wa reli, kuanzia Laini Saba hadi Gatwekera, ukuta wa Kibera hujengwa hivi. Nguzo za mikaratusi hufukiwa ardhini. Fito au mabanzi hupigiliwa misumari kwa mlalo, upande wa nje na upande wa ndani, zikiacha nafasi katikati. Nafasi hiyo hujazwa udongo mwekundu uliokandwa kwa maji na kukanyagwa kwa miguu, pamoja na mawe madogo na vipande vya matofali ili usipasuke sana ukikauka. Kisha pande zote hukandikwa, na mwenye pesa huongeza lipu nyembamba ya saruji. Paa ni bati. Ndani ni futi 10 kwa 10, kitanda nyuma ya pazia, kochi mbele yake, jiko na mitungi ya maji karibu na mlango, na kuta zimefunikwa kwa vitambaa vyeupe vilivyotariziwa au kwa maboksi yaliyokunjuliwa kuzuia vumbi la udongo.

Pande mbili na ujazo wa katikati. Haitakiwi mtu adai kwamba fundi wa Gatwekera alirithi ujuzi huo moja kwa moja kutoka Kochieng'. Hakuna ushahidi wa hilo na hakuna haja ya kuubuni. Inatosha kuona kwamba watu wasio na saruji wala pesa hufikia suluhisho zinazofanana, na kwamba suluhisho hizo zinataka uangalizi ule ule. Mvua za masika zikipiga, ukuta wa Kibera hulainika chini, na asiyeukandika upya kabla ya mvua za vuli atalala akiona nje. Mfereji wa maji machafu ukiziba mbele ya mlango mmoja, ploti nzima hufurika. Nani anauzibua, nani analipia bomba, nani ana ufunguo wa choo, nani haruhusiwi kumwaga maji ya kufulia wapi: hayo yote yana kanuni, zimejadiliwa, zimegombaniwa, zimekubaliwa. Mwanaakiolojia wa mwaka 2500 angetoa chochote ili azisikie. Leo zinaweza kuandikwa kwa kumuuliza mama anayeanika nguo.

Mtaa wa Kawangware, hapo hapo Nairobi, una hadithi yake, na inakwenda mbio zaidi. Huko ploti nyingi zilikuwa safu mbili za vyumba vya mabati zinazotazamana, ukumbi mwembamba katikati, bomba na vyoo mwishoni. Ukumbi huo ndio sebule ya watu wote: mboga huchambuliwa hapo, watoto hufanyia kazi za shule hapo, mgeni wa chumba kimoja huonwa na vyumba vyote. Sasa, kuanzia kitongoji cha Gatina hadi kile cha Congo, mabati yanashushwa na ghorofa za mawe ya Ndarugo zinapanda. Fundi hunyoosha uzi, huweka pima maji, hupanga mawe yaliyokatwa kwa mashine, kila jiwe sawa na mwenzake. Ngazi zinachukua nafasi ya ukumbi. Wapangaji wanapata choo ndani na stima ya kuaminika, na hakuna mwenye akili timamu anayewaonea vibaya. Ila ule mpangilio wa kuishi uliodumu miongo kadhaa unatoweka wiki moja, na hakuna hata mchoro mmoja wa penseli unaobaki ofisini.

Hapa ndipo pingamizi kubwa hujitokeza, na ni pingamizi la haki. Umaskini si urithi. Anayelala kwenye chumba kinachovuja, ambaye mtoto wake anaugua kuhara kila masika, hataki mtaalamu aje kumwambia ukuta wake ni hazina. Anataka nyumba bora. Aidha wapo waliotajirika kwa kuonyesha Kibera kwa watalii kana kwamba ni mbuga, na wakaazi wamewachoka. Pingamizi hili likubaliwe lote. Hakuna anayestahili kubakizwa katika nyumba ya matope ili wengine wapate cha kusoma. Mradi wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda, ulioanzishwa mwaka 2004, ulichukua muda mrefu mno kabla ya nyumba 822 za Soweto East, Kibera, kukabidhiwa mwaka 2016, na waliokabidhiwa funguo walistahili kuzipata mapema zaidi.

Lakini kubomoa na kusahau ni vitu viwili tofauti. Nyumba inaweza kuondoka na maarifa yake yakabaki, mradi mtu ameyaandika kabla. Ile fikra kwamba nyumba ya mabanda haina chochote cha kuandikwa ndiyo inayorahisisha kuibomoa bila notisi ya maana na bila fidia ya maana. Kinachohesabiwa kuwa takataka hakiulizwi kilijengwaje.

Fikra hiyo ina mizizi mirefu, na baadhi yake imo mioyoni mwa wakaazi wenyewe. Mkenya wa Nairobi huambiwa tangu utotoni kwamba mjini ana nyumba, ila kwao ni ushago. Mahakama zenyewe zililisikiza jambo hilo katika kesi iliyolishika taifa zima. Wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 20, 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana. Mwanafalsafa Odera Oruka aliitwa kutoa ushahidi kuhusu mila za Waluo, na mvutano ukaendelea hadi Mahakama ya Rufaa. Mnamo Mei 23, 1987, Otieno alizikwa Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulikuwa na hoja zake na mila ina uzito wake. Lakini tokeo moja la mtazamo huo, ambalo halizungumzwi, ni kwamba mahali ambapo mamilioni wamezaliwa, wamelelewa na kuzeekea panahesabiwa kuwa kituo cha kupitia tu. Kijana aliyezaliwa Kisumu Ndogo, Kibera, akafika Migori mara mbili kwa matanga, hana boma jingine zaidi ya ule ukumbi wa ploti. Historia yake iko hapo.

Nairobi imekwisha kulipa gharama ya kusahau. Kijiji cha Pangani kilikuwa mojawapo ya vitongoji vya kwanza ambako Waafrika walijijengea wenyewe nyumba mjini, na kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Wengi wa waliohamishwa walipelekwa Shauri Moyo. Leo mtu akitaka kujua nyumba za Pangani ile zilikuwaje, inambidi aokoteze sentensi moja moja kutoka barua za maafisa wa kikoloni, watu waliokuwa wakitafuta sababu ya kuibomoa.

Cape Town ilichagua njia nyingine, japo kwa kuchelewa. Mtaa wa District Six ulitangazwa kuwa wa wazungu pekee mwaka 1966, na zaidi ya watu 60,000 wakafukuzwa katika miaka iliyofuata. Jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1994 ndani ya kanisa la zamani lina ramani kubwa ya mtaa huo iliyotandazwa sakafuni, na waliofukuzwa walialikwa kuandika juu yake mahali nyumba zao zilipokuwa. Wengi wamepiga magoti na kuandika. Kumbukumbu hiyo imetumika pia katika madai ya kurejeshewa ardhi.

Kibera yenyewe imeonyesha kwamba inawezekana, na bila kungoja mtu. Hadi mwaka 2009, kwenye ramani nyingi mtaa huu ulikuwa doa tupu, sehemu isiyoandikwa kitu. Mwaka huo huo vijana wa hapo, kupitia mradi wa Map Kibera, walichukua vifaa vya GPS, wakapita kichochoro kwa kichochoro, wakaandika zahanati, vyoo, shule, visima na njia kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Ni mwaka huo pia ambapo sensa ilihesabu watu 170,070 Kibera, wakati dunia nzima ilikuwa imezoea kuambiwa ni milioni moja. Mambo hayo mawili yanafundisha jambo moja: mahali pasipoandikwa na wenyewe, wengine hupaandika watakavyo.

Vijana wale waliandika njia na huduma. Kilichobaki ni kuingia mlangoni, na si kazi ngumu kama inavyosikika. Sheria ya ardhi iliyorekebishwa mwaka 2016 inataka notisi ya miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa. Ikiheshimiwa, na hilo ndilo sharti la kwanza, miezi mitatu inatosha kupima ploti, kuchora vyumba, kupiga picha za kuta na paa, na kurekodi sauti za wakaazi na mafundi. Barabara yoyote kubwa lazima ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 1999. Sura moja ya tathmini hiyo ihusu makao yatakayobomolewa, na isikubaliwe ikiwa haimo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inayapa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya jukumu la kulinda urithi, na Katiba inaipa kaunti mamlaka juu ya makumbusho yake. Nairobi City County haihitaji ruhusa ya mtu kuanzisha jumba dogo Makina au Kawangware, ndani ya nyumba moja iliyokarabatiwa, likiendeshwa na watu wa hapo.

Wanaofaa kuongoza kazi hiyo wako. Vijana waliochora ramani mwaka 2009 sasa ni watu wazima wenye ujuzi. Wanubi wana wazee wanaokumbuka nyua zenye miti. Mafundi wa matope wangali kazini, ingawa wanapungua. Vyuo vikuu vya jijini vinavyofundisha usanifu wa majengo, kama Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, viko umbali wa safari fupi ya matatu, na wanafunzi wao hujifunza kupima majengo. Wapime haya.

Migori nayo isiachwe. Yale maboma mengine zaidi ya 500 yanahitaji walinzi wanaolipwa, na walinzi hao watoke katika vijiji vinavyoyazunguka, maana ndio wanaojua mkokoteni umepita usiku gani. Mtaala wa sasa unamtaka mwanafunzi wa Gredi ya 4 ajifunze kuhusu majengo ya kihistoria ya kaunti yake. Mtoto wa shule ya Olympic, Kibera, au ya Gatina, Kawangware, huonyeshwa picha ya jumba la KICC, aandike jina lake, aende nyumbani. Aonyeshwe pia picha ya mlango mfupi wa Kochieng', aelezwe kwa nini mtu huinama akiingia, kisha atumwe akachore ploti yao: mlango uko wapi, maji yanapita wapi, jirani wa kwanza ni nani, nani huamua. Michoro 40 ya darasa moja ni kumbukumbu ambayo jiji hili halina hivi sasa.

Ikiwa lazima ichaguliwe sehemu ya kuanzia, basi iwe Kawangware. Kibera, tingatinga la serikali likija kuna kelele, kuna wanasheria, kuna kamera za televisheni. Kawangware hakuna hata kimoja. Mwenye ploti akipata mkopo, wapangaji hupewa notisi ya mwezi, mabati hushushwa Jumamosi, na Jumatatu lori la mawe ya Ndarugo linapiga honi likitafuta njia ya kugeukia. Ploti 10 za Gatina na Congo, zikipimwa na kurekodiwa kabla ya mwaka kuisha, zingegharimu pungufu ya bango moja la matangazo kwenye Naivasha Road.